Shajara ya mradi: faharasa ya masimulizi, wiki za mwanzo za kozi ya visasili na ngano

Wiki ya 1. Kadi

Kozi inadai kitu kimoja kufikia mwisho wa muhula: faharasa ya masimulizi ambayo mwanafunzi ameijenga mwenyewe, na ambayo insha ya ulinganishi itaiegemea. Iwe kadi za karatasi, jedwali la kompyuta au hifadhidata, si neno. Lililo zito ni sharti lililotangulia yote: kadi haiandikwi kwa ajili ya hadithi, inaandikwa kwa ajili ya toleo. Kwa hiyo kadi iitwayo "Gharika" haipo. Ipo kadi ya gharika kama ilivyo kwenye bamba la udongo la 11 la utenzi wa Gilgamesh wa Mesopotamia ya kale, na ipo kadi nyingine ya gharika ya Kitabu cha Mwanzo. Anayezichanganya anapoteza hata mambo mepesi ya kuhesabika. Katika bamba la 11 wanatumwa ndege watatu kwa mpangilio huu: njiwa, mbayuwayu, kunguru. Katika Mwanzo anatangulia kunguru, kisha njiwa anatumwa zaidi ya mara moja. Muhtasari unaosema "akatuma ndege kuangalia kama maji yamepungua" umekwisha kuua ulinganishi kabla haujaanza.

Sehemu za kadi zilizokubaliwa ni hizi: namba, kichwa kama kilivyo kwenye chanzo, msimulizi, mkusanyaji au mwandishi, lugha iliyosimuliwa na lugha iliyoandikwa, mahali, hadhira, tarehe, muhtasari wa sentensi zisizozidi kumi, utanzu, namba ya aina ya hadithi, motifu (kipande kidogo cha kisa, nacho kina namba yake; faharasa za namba hizo zinakuja wiki ya 4), ukurasa. Nyuma ya kadi ni nafasi tupu ya maoni, na maoni hayaruhusiwi kuvuka kuja mbele.

Tarehe ndiyo inayosumbua kuliko zote, ndiyo maana imegawanywa mara tatu: lini lilisimuliwa au lilitungwa, lini nakala tuliyonayo iliandikwa, lini lilichapwa. Mabamba maarufu ya Gilgamesh yalitoka kwenye maktaba ya mfalme Ashurbanipal huko Ninawi, karne ya 7 kabla ya Kristo. Masimulizi yenyewe ni ya kale zaidi kwa karne nyingi. Na ulimwengu wa sasa ulijua kwamba ndani yake mna gharika mwaka 1872, George Smith alipolisoma bamba lile. Tarehe tatu, umri tatu. Ukiweka moja tu kwenye kadi, wiki ya ulinganishi utadai kwamba toleo fulani limeiga jingine ambalo kumbe halikuwa limeandikwa bado.

Kanuni ndogo yenye faida kubwa: pasipojulikana msimulizi, andika "hakutajwa". Usiache wazi. Nafasi iliyo wazi ina maana moja tu, kwamba hujakagua. Wanaoacha wazi kwa sababu zote mbili hulazimika kurudia vitabu vyote upya, na hapo kadi zimeshafika mia na ushee.

Muhtasari una mtego wake. Mkono wa msomaji wa riwaya unapenda kuingiza sababu: "kwa kuwa alikuwa na wivu", "akajuta sana". Masimulizi mengi ya mdomo hayasemi mhusika alihisi nini, yanasema alifanya nini. Sababu isiyotajwa kwenye chanzo ikiingia mbele ya kadi, baada ya wiki mbili hakuna atakayekumbuka kwamba ni chumvi ya mwanafunzi.

Wiki ya 2. Utanzu

Kipimo kilichotumika ni cha William Bascom, 1965. Kina maswali machache: wenye masimulizi wanayachukulia kuwa ya kweli au ya kubuni? Yanatokea wakati gani, na katika ulimwengu upi? Ni matukufu au ya kawaida? Wahusika wakuu ni binadamu au la? Kisasili kwa kipimo hiki ni cha kweli kwa wenyewe, cha zamani za mbali mno ulimwengu ulipokuwa haujawa huu, na kwa kawaida kina utukufu. Kisakale nacho ni cha kweli kwa wenyewe, ila ulimwengu wake ni huuhuu tunaoujua na wahusika wake ni watu. Ngano ni ya kubuni, wakati wake ni "hapo zamani za kale", yaani wakati wowote ule.

Neno la kushika hapo ni *kwa wenyewe*. Swali la ukweli halimhusu msomaji. Mara nyingi mkusanyaji mgeni ameandika "ngano" juu ya kitu ambacho waliomsimulia walikiheshimu kama habari ya asili yao. Na simulizi moja inaweza kuhama: kisasili mahali pamoja, hadithi ya kuwalaza watoto kwingine. Kwa hiyo utanzu unaandikwa kwa kila toleo, na pembeni yake jina la aliyeutaja: msimulizi, mkusanyaji, au sisi.

Zoezi la wiki lilikuwa Fumo Liyongo. Toleo lililotumika ni utendi katika nakala iliyoandikwa na Muhammad Kijuma mwaka 1913. Ni kisakale bila ubishi: shujaa ni mtu, maadui zake ni watu, mahali ni pwani ijulikanayo. Lakini kuna jambo lisilo la kawaida: haingiwi na silaha ila kwa sindano ya shaba kitovuni, na anayemchoma ni mwanawe mwenyewe. Wengi waliandika haraka kwenye sehemu ya motifu Z311, yaani mtu asiyedhurika isipokuwa sehemu moja ya mwili, wakaongeza "kama Achilles, kama Siegfried, kama Baldr".

Orodha hiyo ilipasuliwa darasani, na ilistahili. Siegfried wa utenzi wa Kijerumani wa mnamo mwaka 1200 ana *mahali*: jani lilimwangukia kati ya mabega alipooga damu ya joka. Baldr, mungu wa Skandinavia, hana mahali. Ana *kitu*, mmea uotao juu ya miti mingine ambao haukuapishwa usimdhuru, na popote ungempata angekufa. Liyongo ana vyote viwili kwa pamoja, mahali na kitu: kitovu peke yake hakitoshi, shaba peke yake haitoshi. Achilles ndiye msumbufu zaidi, kwa sababu kisigino hakimo kwa Homer. Habari ya mama yake kumchovya mtoni tunaipata kwa mshairi Statius, karne ya 1 baada ya Kristo. Ukiandika "Achilles wa Homer" kwenye kadi ya Z311, kadi nzima ni batili.

Na kuna kinachopotea pale wote wanapotiwa kwenye fungu moja. Baada ya kuchomwa, Liyongo anakwenda kupiga goti karibu na kisima, upinde umevutwa na mshale umo, na anakufa katika mkao huo. Watu wanamwona kwa mbali, hawathubutu kuteka maji, hawajui kwamba anayewalinda njia ni maiti. Namba ya motifu haisemi lolote juu ya hili, na kwa maoni ya anayeandika shajara hii ndicho kipande chenye nguvu kuliko kitovu. Limeandikwa nyuma ya kadi.

Wiki ya 3. Vyanzo vya kale

Wiki fupi. Kazi ilikuwa kuachana na vitabu vya "visasili vya Ugiriki kwa wote" na kurudi kwenye matini. Vitabu hivyo huunganisha vipande vya washairi waliotenganishwa na mamia ya miaka, vikatoa hadithi moja laini ambayo hakuna Mgiriki yeyote wa kale aliyepata kuisikia. Medusa ndiye kielelezo. Kwa Hesiod, mshairi wa Kigiriki, mnamo mwaka 700 kabla ya Kristo, ni mmoja wa Gorgoni watatu, madubwana ya kike, na tofauti yake na dada zake ni kwamba yeye anaweza kufa. Kwa Ovid, mshairi wa Kirumi, mwanzoni mwa karne ya 1 baada ya Kristo, alikuwa msichana mzuri aliyenajisiwa na mungu wa bahari hekaluni mwa Minerva, na nywele zake zikageuzwa nyoka kuwa adhabu. Ni miaka mia saba katikati, lugha mbili, na malengo mawili tofauti kabisa. Insha juu ya "dhuluma aliyotendewa Medusa katika visasili vya Kigiriki" inamnukuu Mroma.

Kwa masimulizi ya Skandinavia tahadhari ni nyingine: maelezo mapana zaidi yametoka kwa Snorri Sturluson, Mkristo wa Aisilandi, mnamo 1220, wakati kisiwa kilikuwa kimeshapokea Ukristo kwa takriban karne mbili. Haina maana kwamba alibuni. Maana yake sehemu ya "mwandishi" kwenye kadi lazima ijazwe kabla ya sehemu ya "imani".

Ndugu Grimm, wakusanyaji wa ngano za Kijerumani, wamewekwa hapa kwa sababu wanafunzi huwachukulia kama kinasasauti. Juzuu za kwanza zilitoka 1812 na 1815, toleo la saba na la mwisho 1857, na katikati mmoja wao, Wilhelm, hakuacha kuzikarabati. Katika toleo la 1812 anayetaka kumwua Binti Theluji ni mama yake mzazi. Kuanzia 1819 ni mama wa kambo. Mtu anayeandika juu ya "chuki ya mama wa kambo katika mapokeo ya watu" kwa kutumia toleo la 1857 anachunguza uamuzi wa mhariri. Kadi ya Grimm isiyo na mwaka wa toleo inarudishwa.

Wiki ya 4 na ya 5. Namba

Hapa ndipo penye shughuli, na ndipo wiki mbili zilipokwenda.

Kuna faharasa mbili, na kuzichanganya ni kosa la kwanza la kila anayeanza. Ya kwanza ni ya *aina*, yaani hadithi nzima yenye mfululizo wake. Aliianza Antti Aarne mwaka 1910, akaipanua Stith Thompson 1928 na tena 1961, na Hans-Jörg Uther akaifumua na kuisuka upya 2004. Ndiyo maana leo namba zake hutanguliwa na herufi ATU. Mipaka inayofaa kukaa kichwani: 1 hadi 299 wanyama; 300 hadi 749 ngano za ajabu; 750 hadi 849 za kidini; 850 hadi 999 za maisha yanayoelekea kweli; 1000 hadi 1199 za zimwi mjinga; 1200 hadi 1999 vichekesho; 2000 na kuendelea ni za fomyula, kama zile za mkufu ambapo kila tukio linabeba lililotangulia.

Ya pili ni ya *motifu*, yaani kipande kidogo kinachoweza kuchopolewa na kuhamia hadithi nyingine. Hiyo ni kazi ya Thompson, na inatumia herufi: A kwa mambo ya uumbaji na miungu, B wanyama, C miiko, D uchawi na mageuzi, K udanganyifu, na kadhalika mpaka Z. Hadithi moja ina namba moja ya ATU, pengine mbili zikiwa zimeungana, lakini inaweza kubeba motifu kumi.

Kosa la pili ni kutafuta namba kwa mhusika. Mwanafunzi anaona sungura, anakwenda sehemu ya wanyama, anatafuta "sungura". Faharasa hazikupangwa hivyo. Anza na tendo: nani anamtaka nani, kwa hila gani, mwisho nani kapata nini. Mnyama hubadilika kila mpaka unaovukwa, hila hudumu.

Zoezi lilikuwa kisa cha punda wa dobi, kilichochapwa na Edward Steere mwaka 1870 katika mkusanyo wake wa hadithi za Kiswahili kutoka Unguja. Kima anakaa juu ya mkuyu ulioinamia bahari, anamtupia papa kuyu. Papa anamwalika kwao, anambeba mgongoni, na katikati ya maji anamfunulia habari: sultani wa mji wao ni mgonjwa, na dawa ni moyo wa kima. Kima anamjibu kwamba angeambiwa mapema. Kima wakitembea huacha mioyo yao mitini. Wanarudi, kima anapanda mti na hashuki tena. Papa anapomwita, kima anamsimulia kisa cha pili: sungura alimpelekea punda wa dobi posa ya simba, punda akaja, akajeruhiwa, akakimbia, akafuatwa tena, akaja tena, akauawa. Sungura akala moyo na masikio. Simba alipouliza viko wapi, akajibiwa kwamba punda huyu hakuwa na moyo wala masikio, angekuwa navyo asingerudi mara ya pili.

Namba ni mbili: ATU 91 kwa kima aliyeacha moyo nyumbani, ATU 52 kwa punda asiye na moyo. Motifu K544 kwa hila ya kima na K402.3 kwa jibu la sungura. Hadi hapo ni kazi ya karani. Kazi yenyewe ilianza kadi za matoleo mengine zilipopangwa mezani.

Katika Jataka namba 208 (Jataka ni hadithi za Kibuddha za lugha ya Kipali), mamba ana mke mwenye hamu ya kula moyo wa nyani, na nyani anamwonyesha matunda yanayoning'inia mtini kwamba ile ndiyo mioyo. Kisa cha punda hakimo. Katika Panchatantra, mkusanyo wa visa wa Kihindi, kitabu cha nne, kisa cha mamba na nyani ndicho fremu, yaani kisa cha nje kinachobeba vingine, na ndani yake kuna punda, simba na mbweha. Katika Kalila wa Dimna, aliyoiandika Ibn al-Muqaffa kwa Kiarabu karne ya 8 kutoka Kipahlavi (Kiajemi cha kati), mamba amekuwa kobe, simba ana upele, na punda bado yumo ndani. Kisha Unguja: kobe amekuwa papa, mbweha amekuwa sungura, mke ametoweka na nafasi yake kaishika sultani mgonjwa.

Cha kuzingatia si kwamba visa vinafanana. Ni kwamba visa *viwili* visivyohitajiana vimesafiri vikiwa vimeshikana, kimoja tumboni mwa kingine, na kwa mpangilio uleule. Hila ya moyo ulioachwa nyumbani inaweza kubuniwa popote. Mpango wa kisa ndani ya kisa, na hasa kisa hikihiki ndani ya kile, ni vigumu kuudai kuwa sadfa. Ushahidi wa namna hii unaelekeza kwenye njia ya vitabu: kutoka kitabuni kwenda mdomoni, na kutoka mdomoni kurudi kitabuni mwa Steere.

Na hapohapo wengine waliingia mkenge. Korea kuna sungura na kobe: mgonjwa yumo katika nyumba ya Mfalme wa Joka baharini, dawa ni ini la sungura, sungura anadai ameliacha nchi kavu. Toleo la zamani liko katika kitabu cha historia cha mwaka 1145, na mgonjwa ni binti wa mfalme. Katika matoleo ya baadaye ni mfalme mwenyewe. Mgonjwa wa kifalme chini ya bahari, kama Unguja! Basi ikaandikwa kwamba Unguja na Korea zina uhusiano wa karibu kuliko Unguja na Kalila wa Dimna. Haifuati. Mabadiliko ya mke kuwa mtawala ni mepesi, yanaweza kutokea mara mbili bila watu kukutana. Na toleo la Korea halina punda. Kanuni iliyobandikwa juu ya kadi zote: mfanano wa kipande chepesi una uzito mdogo, mfanano wa mpangilio mgumu una uzito mkubwa. Bila kipimo hicho ramani ya usambaaji inakuwa utabiri wa nyota.

Wiki ya 6. Propp

Vladimir Propp, mtafiti wa Kirusi, 1928: majukumu 31 (yaani matendo yanayosukuma hadithi), wahusika wa nyanja saba (kama shujaa, mhasimu, mtoaji), ngano za ajabu mia moja za Kirusi. Wanafunzi wengi wanampenda kwa sababu anaonekana kama fomyula ya hisabati. Mambo matatu yanasahaulika.

Kwanza, si lazima majukumu yote 31 yawepo. Kinachodaiwa ni kwamba yaliyopo hufuatana kwa mpangilio uleule, na kwamba penye ngano ya ajabu pana ubaya uliotendwa au upungufu uliotambuliwa. Pili, jukumu hutambuliwa kwa matokeo yake katika hadithi, si kwa sura ya tendo. Bibi kizee akimpa kijana pete baada ya kumjaribu, ni mtoaji. Bibi huyohuyo akiiba mtoto, ni mhasimu. Mhusika mmoja anaweza kushika nyanja mbili, na nyanja moja ikashikwa na watatu. Tatu, na hili ndilo linaloharibu insha nyingi: mfumo ulitengenezwa kwa ajili ya ngano za ajabu, zile za ATU 300 hadi 749. Kuubandika juu ya hadithi za wanyama kunazaa vichekesho. Kisa cha papa na kima kililazimishwa kuwa na "shujaa bandia" na "harusi", na posa ya simba ikahesabiwa kuwa jukumu la 31!

Kwa hadithi za ujanja mfululizo mfupi alioutumia Alan Dundes kwa masimulizi ya wenyeji wa Amerika Kaskazini unakaa vizuri zaidi: upungufu, hila, kudanganyika, upungufu kuondolewa. Upande wa papa mfululizo unakatika kwenye hatua ya mwisho, kwa kuwa kima anaingiza hila yake mwenyewe. Sungura anaukamilisha, ila kwa faida yake badala ya simba. Mistari minne imesema zaidi ya jedwali la 31.

Safari ya shujaa ya Joseph Campbell, 1949, yaani mwendo mmoja unaodaiwa kuwa wa mashujaa wote, imeguswa kwa nusu kipindi. Inawafaa waandishi wa filamu. Kwa kazi yetu inachagua mifano inayoikubali na kuiacha inayoikataa, basi haina mahali kwenye kadi.

Wiki ya 7. Sauti

Sehemu ya vitendo: kurekodi masimulizi ya mdomo na kuyaandika.

Mpangilio wa kinasasauti: faili la WAV, kilohezi 48, biti 24, mkondo mmoja. Hiyo ni takriban megabaiti 8.6 kwa dakika, yaani karibu megabaiti 520 kwa saa. Kagua nafasi kabla ya kuondoka. Usirekodi kwa faili lililobanwa ukidhani utalipanua baadaye, kilichokatwa hakirudi. Maikrofoni iwe sentimita 20 hadi 30 kutoka mdomoni, pembeni kidogo ili pumzi isiipige moja kwa moja. Kilele cha sauti kicheze karibu na desibeli -12. Sauti iliyopasuka haina dawa. Simu ikitumika, iwekwe hali ya ndege, la sivyo mtu atapiga wakati zimwi linabisha hodi. Vaa visikizio muda wote: feni na upepo sikio limekwisha kuvizoea, maikrofoni haijavizoea. Mwishoni rekodi nusu dakika ya ukimya wa mahali penyewe, inasaidia kusafisha.

Idhini ni tatu na kila moja inaombwa peke yake: kurekodi, kutumia darasani, kuweka mtandaoni. Kukubali ya kwanza si kukubali ya tatu. Kuna pia masimulizi yenye majira yake. Kwa Wanavajo hadithi za Koyote ni za msimu wa baridi tu, na faili lililo wazi mtandaoni mwaka mzima linavunja sharti ambalo msimulizi mwenyewe analishika. Swali la majira na la nani anaruhusiwa kusikia limeongezwa kwenye fomu.

Makosa ya kusikitisha zaidi hayako kwenye mashine. Maikrofoni ikimwelekea fanani peke yake, "Paukwa!" inasikika na "Pakawa!" inapotea, na baadaye mtu anaandika kwamba hadhira ilikuwa kimya. Kumkatiza msimulizi kuuliza maana ya neno kunamtoa kwenye mwendo wake. Anaanza kufasiri badala ya kusimulia, na hadithi inanywea. Andika neno kwenye daftari, uliza akimaliza.

Uandishi wa sauti unafuata njia ya Dennis Tedlock: mstari unakatwa penye pumzi, si penye nukta ya sarufi. Pumzi fupi, mstari mpya. Pumzi ndefu ya kama sekunde mbili, ruka mstari. Wimbo unasogezwa ndani. Sauti za hadhira zinatiwa kwenye mabano ya mraba. Programu ya ELAN hailipiwi na inafunga kila mstari na sekunde yake. Saa moja ya sauti hula saa nyingi za kuandika. Anayepanga kumaliza jioni moja atakuwa anafupisha bila kujijua, na kitu cha kwanza kufupishwa ni marudio, ambayo ndiyo uti wa mgongo wa utambaji.

Somo la kuunga mkono sheria ya kadi lilitoka kwa Milman Parry na Albert Lord, waliorekodi waimbaji wa tendi Yugoslavia miaka ya 1930. Waimbaji walisema wanaimba wimbo uleule neno kwa neno. Rekodi zinaonyesha maneno na urefu vinabadilika kila mara. Avdo Međedović mwaka 1935 alitoa utenzi wa zaidi ya mistari 12,000. Hawakuwa wakidanganya. "Uleule" kwao ulikuwa mwendo wa kisa. Kwa faharasa yetu tokeo ni jepesi: msimulizi mmoja akirekodiwa mara mbili, ni kadi mbili.

Wiki ya 8. Ulinganishi wa kwanza

Mada iliyochaguliwa ni asili ya kifo, motifu A1335.1, ujumbe uliopotoshwa. Kadi mbili zimekaribia kukamilika.

Ya kwanza ni ya Wakhoikhoi, iliyochapwa na Wilhelm Bleek 1864. Mwezi anatuma ujumbe kwa watu: kama mimi ninavyokufa na katika kufa nikawa hai, nanyi vivyo hivyo. Sungura anaufikisha kinyume, kwamba watu watakufa na kwisha. Mwezi anampiga, mdomo wake unapasuka mpaka leo. Ya pili ni ya Wazulu, katika mkusanyo wa Henry Callaway uliotoka 1868 hadi 1870. Unkulunkulu anamtuma kinyonga aseme watu wasife. Kinyonga anakawia njiani akila matunda. Mjusi anatumwa nyuma yake na neno la kifo, anamtangulia, na watu wanalipokea neno la kwanza kufika.

Namba ni moja, lakini kosa si moja. Kwa sungura ujumbe umeharibika. Kwa kinyonga ujumbe ni mzima, ulichelewa. Kwa mwezi hakuna ujumbe wa pili. Kwa Unkulunkulu aliyetuma uhai ndiye aliyetuma kifo, na kadi haisemi kwa nini, kwa sababu Wazulu waliomsimulia Callaway hawakusema. Kulikuwa na pendekezo la kuijaza sababu hiyo ("alikasirika"). Limekataliwa kwa kanuni ya wiki ya kwanza. Badala yake A1335.1 imegawanywa kwenye faharasa yetu kuwa *a* kwa ujumbe uliogeuzwa na *b* kwa ujumbe uliopitwa, herufi ndogo ili zisidhaniwe ni za Thompson.

Zilizobaki: kutafuta matoleo zaidi ya *b* kupitia kazi ya Hans Abrahamsson ya 1951 juu ya asili ya kifo katika visasili vya Afrika, kisha kurudi kwenye chanzo cha kila mojawapo badala ya kunakili muhtasari wake, kujaza "hadhira" kwenye kadi ya Bleek, ambayo bado iko wazi, na kuzirudisha kwa wenyewe kadi za Grimm ambazo hazijapata mwaka wa toleo.